Waifai ipo, vifaa havisikilizani: kutafuta kosa katika nyumba zetu za Unguja na Pemba

"Printa imekufa, mwanangu. Njoo uichukue ukaitupe." Mama mmoja wa Mkunazini, mwenye kiduka cha kuchapa na kutoa kopi, alinipigia simu asubuhi moja. Nilipofika niliikuta printa nzima. Usiku uliotangulia umeme ulikatika na kurudi mara mbili, ruta (kile kisanduku kinachogawa waifai) ikaipa printa anwani mpya, yaani nambari ya kuitwa kwenye mtandao, na kompyuta ikaendelea kuiita kwa anwani ya zamani, kama mtu anayemgongea jirani aliyehama bila kuaga. Kazi ilichukua dakika kumi. Yeye tayari alikuwa ameshaulizia bei ya printa mpya Darajani.

Vifaa vingi ninavyoambiwa vimeharibika huwa vizima. Kilichoharibika ni maelewano baina yao: kimoja kiko mtandao huu, cha pili kiko ule, cha tatu kinasubiri ruhusa ambayo mwenye simu aliikataa mwezi uliopita bila kujua. Na roho huniuma ninapoona mtu anatoa pesa ya ada ya skuli kununua kifaa cha pili, wakati cha kwanza hakina kosa. Kwa hiyo nimeyapanga matatizo kama watu wanavyonieleza wanaponipigia. Katika kila tatizo nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi.

Kabla hujaingia kwenye tatizo lako, fanya jaribio moja. Kichukue kifaa kinachokusumbua ukiweke mita mbili tu kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati. Kikifanya kazi hapo, kosa lako ni masafa au ukuta. Kisipofanya kazi hata hapo, kosa ni la mpangilio, na kuhamisha ruta au kununua antena hakutakusaidia kitu. Kwa kitu kisichobebeka, kama TV ya ukutani, ibebe ruta uipeleke pale ilipo. Jaribio hili halina gharama, na linakutoa kwenye nusu ya makisio.

"Umeme umerudi, lakini printa haionekani"

Hili ndilo linaloniitisha zaidi ya yote, kwa sababu ya umeme wetu. Sisi tuliokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, tumezoea kuchomoa kila kitu na kuchomeka tena. Mazoea hayo ni mazuri kwa friji. Kwa mtandao, kinachohitajika ni mpangilio wa nani anaamka kwanza.

Sababu ya kwanza ni hiyo hiyo: vyote vimewaka kwa pamoja. Printa huamka upesi, ruta huchukua dakika mbili au tatu. Printa inatafuta mtandao, haiuoni, inakata tamaa, na nyingine haziulizi tena. Zima printa na kompyuta. Washa kisanduku cha kampuni ya intaneti kama unacho, kisha ruta, usubiri taa zake zitulie. Ndipo uwashe printa, na mwisho kompyuta. Usiruke kungoja.

Sababu ya pili ndiyo iliyomkuta mama wa Mkunazini. Ruta hugawa anwani za muda, na baada ya kuzimika inaweza kumpa huyu ya yule. Chapa ukurasa wa taarifa kutoka kwenye printa yenyewe (nyingi hufanya hivyo ukishikilia kitufe cha waifai au cha taarifa kwa sekunde chache) uangalie anwani iliyoandikwa. Ikianza na 192.168, ruta imeipa anwani, na kosa liko upande wa kompyuta: ifute printa kwenye kompyuta, uiongeze upya. Ikianza na 169.254, basi printa haikupata anwani yoyote kwa ruta, imejipa yenyewe. Hapo usihangaike na kompyuta hata kidogo. Rudi kwenye printa uiunge na waifai upya.

Dawa ya kudumu ni kuiambia ruta kwamba anwani fulani ni ya printa peke yake. Ingia kwenye ruta kwa kuandika anwani yake katika kivinjari. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na huandikwa chini ya ruta pamoja na jina na neno la siri la kuingilia. Tafuta sehemu ya DHCP, ndiyo inayogawa anwani, uchague printa katika orodha, uitengee anwani yake. Kwa duka la kuchapa, skuli au ofisi yoyote inayotegemea printa, mimi siondoki bila kulifanya hili. Tangu siku ile mama wa Mkunazini umeme umemkatikia mara nyingi, na hajanipigia tena kwa jambo hilo.

Sababu ya tatu: simu au kompyuta imehamia mtandao mwingine bila wewe kuona. Printa nyingi za siku hizi hurusha mtandao wao wenyewe, na jina lake mara nyingi huanza na DIRECT. Mtu aliyewahi kuugusa, simu yake itaurudia. Dalili yake ni kwamba printa inachapa vizuri lakini intaneti imepotea, au kinyume chake.

Mara chache kosa ni ulinzi. Ukinunua ruta mpya iliyowekwa kwenye WPA3, ulinzi mpya wa waifai, peke yake, printa ya zamani haitaweza kuingia hata ukiandika neno la siri sawasawa mara mia. Kwenye ruta chagua WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Usishuke kwenye WEP kwa kuifurahisha printa kongwe. Ulinzi huo umejulikana kuwa mbovu tangu mwaka 2001, na mtoto mwenye kompyuta anaweza kuufungua.

"Ukumbini inakimbia, chumbani haifiki"

Hapa sikulaumu wewe wala ruta. Nalaumu jiwe.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa nusu mita ni wa kawaida. Jiwe lile lina matundu, linashika unyevu, na unyevu unayala mawimbi. Vyumba navyo ni vyembamba na virefu, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukitoka mbele ya nyumba kwenda nyuma unapita kuta mbili au tatu katika hatua kumi. Mtu wa nyumba ya matofali ya Fuoni au Mombasa ya hapa Unguja ana ukuta wa inchi sita, wewe una ngome.

Kosa ninalolikuta mara nyingi katika nyumba hizi ni ruta kutiwa ndani ya kidaka. Kidaka kinapendeza, kipo tayari, kinaficha waya. Lakini ni shimo ndani ya ukuta, na ruta ikiwa mle imezungukwa na jiwe pande tano. Itoe. Iweke juu ya kabati, wazi, mbali na kioo kikubwa, friji na tangi la maji, kwa sababu chuma na maji huzuia mawimbi kuliko watu wanavyodhani.

Kisha tafuta njia iliyo wazi. Mawimbi hupita kwenye mlango wa mbao, dirisha na uwazi wa ngazi kwa wepesi mara nyingi kuliko kupenya jiwe. Kama nyumba yako ina uwa wa ndani, umebahatika: weka ruta mahali inapouona uwa, na vyumba vinavyofungua madirisha uani vitapata mawimbi kupitia hewani. Niliwahi kuhangaika nusu siku katika nyumba ya wageni ya ghorofa tatu nikijaribu kupenya kuta. Mwisho mzee wa nyumba akaniuliza kwa nini siweki kile kidude dirishani, kinachotazama uani. Alikuwa na haki. Tulihamisha ruta moja na vyumba vinne vikapata mtandao.

Sababu inayofuata ni bendi. Ruta nyingi hurusha bendi mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 ina kasi zaidi lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Ya 2.4 ni ya polepole lakini inafika mbali. Simu iliyo chumbani ikiing'ang'ania ya 5 utaona waifai imeshika na hakuna kinachofunguka. Kwa chumba cha nyuma, iunge simu na ya 2.4 ujaribu tena.

Kama bado, ndipo tuzungumze habari ya kununua. Kile kifaa cha kuongeza waifai, watu wengi hukiweka ndani ya chumba kisichofikiwa. Kinaongeza nini pale, wakati chenyewe hakisikii? Mahali pake ni katikati ya njia, pale ambapo waifai ya ruta bado ni nzuri. Na ujue kwamba vile vya bei nafuu, vinavyosikiliza na kurusha kwa redio moja, hupunguza kasi karibu nusu. Nikiombwa ushauri kwa nyumba ya mawe, husema: vuta waya wa mtandao mpaka ghorofa ya juu, uweke kifaa cha pili cha waifai mwisho wake. Waya mmoja unafika mita 100 bila tatizo, na hakuna nyumba Mji Mkongwe inayohitaji zaidi. Usitoboe kuta hizo kwa drili kubwa bila kuuliza, khasa katika nyumba kongwe. Chokaa iliyozeeka inamomonyoka, na Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, kuna taratibu za kugusa majengo yake. Tumia njia ya waya za umeme zilizopo pembeni, au pitisha juu ya mlango.

Kwa nyumba za shamba zilizoezekwa mabati ni kinyume: ndani ni nzuri, lakini anayekaa nje barazani, au nyumba ndogo ya uani yenye bati lake, hapati kitu. Bati hurudisha mawimbi. Dirisha tena ndilo jibu.

"Simu na TV ziko waifai moja, lakini picha haiendi kwenye TV"

Kwanza hakikisha kweli ni moja. Soma jina la mtandao kwenye TV, herufi kwa herufi, kisha kwenye simu. Mara nyingi utakuta TV iko kwenye waifai ya nyumba na simu iko kwenye hotspoti ya ndugu, au simu imezima waifai na inakula bando la laini.

Kama ni moja kweli, uliza ni mtandao wa wageni au wa wenyeji. Mtandao wa wageni katika ruta nyingi umewekwa makusudi usiruhusu vifaa kuonana: kila kimoja kinaiona intaneti tu. Nyumba za wageni za Nungwi na Paje huweka hivyo kwa usalama, na ni sawa. Mgeni akilalamika kuwa hawezi kurusha picha kwenye TV ya chumba, kosa si lake wala si la TV. Nyumbani kwako, ihamishe TV kwenye mtandao wa wenyeji.

Kwa wenye iPhone, kuna ruhusa inayosahauliwa. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kila programu huuliza kwanza kama inaruhusiwa kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani. Wengi wetu tunakataa kwa mazoea. Nenda kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya mtandao wa ndani, uiruhusu programu hiyo. Na kama simu ina VPN, programu inayopitisha mtandao wa simu kwa njia ya mbali, izime unapojaribu. Inaweza kuipitisha mbali simu iliyo hatua tatu kutoka kwenye TV.

"Taa ya waifai, kamera au plagi janja inakataa kuungwa"

Karibu zote hizi zinasikia bendi ya 2.4 peke yake. Simu yako iko kwenye 5, programu inajaribu kuipa taa jina la mtandao ambao taa haiusikii, na baada ya dakika mbili inasema imeshindwa. Ukiweza, zitenganishe bendi mbili kwenye ruta kwa majina mawili, mfano Nyumbani na Nyumbani5, uunge simu na ya 2.4, kisha uanze upya. Ukishaunga taa, simu inaweza kurudi kwenye 5.

Jambo la pili liko kwenye lugha yetu wenyewe. Niliwahi kuitwa Ng'ambo kwa kamera iliyokataa siku tatu. Mtandao wenyewe uliitwa Ng'ambo Duka. Ile alama ya king'ong'o baina ya g na a ndiyo iliyoikwaza. Baadhi ya vifaa vidogo hushindwa kusoma alama hiyo, khasa simu inapoiandika ikiwa imepinda badala ya kuwa wima, na iPhone hupenda kuipinda. Nilibadilisha jina likawa Duka la Ngambo, bila alama, na kamera ikaingia mara ya kwanza. Kwa hiyo majina ya mitandao na maneno ya siri yaandike kwa herufi na nambari tu. Samahani kwa Kiswahili, lakini vifaa hivi havikukusudiwa kwa ajili yake.

La tatu, neno la siri limeandikwa na herufi kubwa mwanzoni kwa sababu simu imejiandikia yenyewe. Angalia kwa kubonyeza alama ya jicho.

Kama ruta imewekewa orodha ya simu zinazoruhusiwa, ujue pia kwamba simu nyingi kuanzia Android 10 na iOS 14 hujipa kitambulisho cha kubahatisha kwa kila mtandao. Ukiusahaulisha mtandao na kuuingia tena, kitambulisho kinaweza kubadilika, na ruta isimtambue mwenye nyumba. Zima kubahatisha huko kwa mtandao wa nyumbani peke yake, kisha uandikishe upya.

"Spika ya Bluetooth haishiki, inakatika, au sauti inachelewa"

Haya ni matatu tofauti, usiyachanganye.

Isiposhika, mara nyingi ni kwa sababu imeshashika kwa mtu mwingine. Spika nyingi hukumbuka simu ya mwisho, na ikiwashwa humtafuta huyo kabla yako. Mtoto aliye chumba cha pili, au aliyekwenda dukani na akarudi, anaichukua bila kujua. Zimeni Bluetooth za simu zote za nyumbani isipokuwa yako, ujaribu. Ikishindikana, futa jina la spika kwenye simu, shikilia kitufe cha kuunganisha cha spika mpaka taa imetemete kwa kasi, uanze upya.

Inapokatika, angalia kwanza simu iko wapi. Mwili wa mtu umejaa maji, na maji yanayala mawimbi ya 2.4. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na spika iko mbele yako, wewe mwenyewe ndiye ukuta. Kisha angalia jirani zake: Bluetooth iko kwenye bendi ile ile ya 2.4 ya waifai. Ina werevu wa kurukaruka, mara 1600 kwa sekunde katika chaneli 79 (njia ndogo ndani ya bendi), na inakwepa zenye shughuli, lakini spika iliyowekwa juu ya ruta haina pa kukimbilia. Jiko la microwave nalo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Kama spika inakatika kila mchana wakati wa kupasha chakula, umeshampata mwenyewe. Na wenye mausi isiyo na waya inayorukaruka: kama umechomeka hadidiski ya nje kwenye tundu la buluu kando ya kile kidude cha mausi, kihamishe upande wa pili, au kiweke kwenye waya mfupi wa kurefusha. Vifaa vya tundu hilo hutoa kelele kwenye bendi ya 2.4.

Inapochelewa, sina dawa, ninao ukweli. Bluetooth ya kawaida hufunga sauti, huirusha na kuifungua, na hilo huchukua kiasi cha sehemu ya tano ya sekunde, pengine zaidi. Kwa kusikiliza taarabu barazani haidhuru. Kwa kikundi cha taarabu kinachotaka kujisikia kwa spika ya Bluetooth wakati wa mazoezi, haiwezekani: mpiga dumbaki atakuwa mbele ya sauti yake mwenyewe kila pigo. Vijana wa kikundi kimoja waliniomba niwatengenezee spika yao "mbovu", nikawapa waya wa shilingi chache. Kwa kazi ya ala, madrasa inayotaka sauti ya mwalimu, au harusi, tumia waya au maikrofoni isiyo na waya yenye kipokezi chake. Bluetooth haikutengenezwa kwa hilo.

"Jioni tu ndiyo inasumbua"

Hii ni ya Michenzani na majengo mengine ya ghorofa ambako familia nyingi zinagawana hewa moja. Kila mtu karudi nyumbani, kila ruta inazungumza. Katika bendi ya 2.4 ni chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Watu huona 3 au 4 iko tupu wakahamia huko, na matokeo yake wanagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Chagua moja katika zile tatu, iliyo na majirani wachache au walio mbali. Vifaa vinavyoweza bendi ya 5 vihamishie huko. Ikiwa ya 5 nayo hupotea ghafla kwa dakika moja kisha inarudi, ruta huenda iko kwenye chaneli zinazogawanwa na rada, za 52 hadi 144. Ikisikia kitu inachokidhania ni rada, sheria inaitaka inyamaze na kuhama. Iweke kwenye 36 hadi 48.

"Kila kitu kimeungwa, hakuna kinachofunguka"

Bando limekwisha. Hilo kwanza, na halimpunguzii mtu heshima kuliangalia. Lisipokuwa hilo, angalia tarehe ya TV au kompyuta. Kifaa kilichozimika muda mrefu kinaweza kurudi kikiamini ni miaka mingi nyuma, na tovuti zenye ulinzi zinakikatalia, kwa sababu vyeti vyake vinaonekana bado havijaanza kutumika. Weka tarehe kwa mkono, zima na uwashe.

Hapa acha, ita mtu

Mambo ya mpangilio unaweza kuyakosea mara ishirini na hakuna atakayeumia. Haya yafuatayo si hivyo, na nakuomba uyachukulie kwa uzito.

Ruta, chaja au ekstensheni inayonuka kuungua, au iliyogeuka rangi kwenye plagi: zima swichi kuu kwanza, usiiguse, muite fundi umeme. Hewa yetu ina chumvi na miguu ya plagi inaota kutu. Kutu hufanya joto, na joto huleta moto. Ukiona taa za nyumba zinapanda na kushuka pamoja na ruta inayojizima, hilo si tatizo la mtandao hata kidogo. Ni la umeme wa nyumba au wa njia.

Kile kiruta kidogo cha mkononi chenye betri, kama mgongo wake umevimba, usikichaji tena, usikitoboe, usikibane kifunike. Kiweke nje mahali pakavu, mbali na vitu vya kuwaka, ukipeleke kwa fundi simu.

Usipande juu ya bati kurekebisha antena karibu na waya za umeme, wala wakati wa masika wingu likiwa limefunga. Na usivute waya wa mtandao wa shaba juu ya kichochoro kutoka nyumba moja kwenda nyingine ili mgawane intaneti na jirani. Radi ikipiga karibu, waya ule unaileta ndani ya nyumba zote mbili, na kama nyumba hizo zinapata umeme kwa njia tofauti waya wenyewe unaweza kubeba umeme. Kuna waya wa kioo (faiba) na kuna vifaa vya kurusha waifai nje. Fundi anayejua atakuchagulia.

Mwisho kuna kile kitundu cha riseti kinachobonyezwa kwa sindano. Kwenye ruta uliyonunua mwenyewe, bonyeza kama unajua neno la siri la chini yake na uko tayari kupanga yote upya. Kwenye kisanduku ulicholetewa na kampuni ya intaneti, usikibonyeze. Ndani yake kuna maelezo ya kuunga laini yako ambayo ni wao peke yao wanayo, na ukiyafuta utakaa bila mtandao mpaka waje.

Unapompigia fundi, mpe haya kabla hajatoka kwake: jina la mtandao ambao kila kifaa kimeshika, anwani iliyoandikwa kwenye kifaa kinachosumbua, matokeo ya lile jaribio la mita mbili, na lini umeme ulikatika mara ya mwisho. Pengine hatahitaji kuja.